Taa Nunua, Kitambaa Shona: Mwongozo wa Vifaa vya Filamu kwa Mfuko Mdogo

Mtu anayetaka kupiga filamu fupi Dar es Salaam akiwa na simu nzuri au kamera ya kuazima, na akiba isiyofika milioni mbili, hukutana na washauri wa aina mbili. Wa kwanza atamwambia aende Kariakoo akanunue seti nzima ya taa tatu na miavuli yake. Wa pili atamwonyesha video za watu wanaotengeneza kila kitu kwa mabomba na mbao, hadi taa zenyewe. Msimamo wangu nautaja mapema ili ujue tunaelekea wapi. Kinachozalisha mwanga, kinachobeba uzito juu ya kichwa cha mtu na kinachonasa sauti, nunua. Kinachogeuza mwanga, yaani kuulainisha, kuurudisha, kuukata au kuuzuia, tengeneza mwenyewe.

Sababu yake ni hii: ubora wa vitu vya kundi la kwanza umejificha ndani, kwenye chipu, kwenye nyaya na kwenye kiungo cha chuma. Fundi wa mtaani hawezi kuufikia kwa bei ya kiwanda. Ubora wa kundi la pili uko kwenye ukubwa na rangi ya kitambaa, na hapo fundi cherehani wa jirani yako hashindwi na kiwanda chochote.

Hatua ya kwanza: pitia mswada kabla ya kuingia dukani

Soma mswada wako sini moja baada ya nyingine, na kwa kila sini andika mambo manne: mahali, saa, idadi ya watu watakaoonekana, na mwanga unatoka wapi katika hadithi yenyewe. Dirishani? Kwenye taa ya chemli? Kwenye simu aliyoishika mhusika? Kazi hii ni ya jioni moja, na itakuokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote utakalopewa na muuzaji. Utakuta sini nyingi za mchana zinaweza kuchezwa barazani, chini ya mwembe au karibu na dirisha, ambako kitambaa na ubao mweupe vinatosha. Zinazobaki ni za usiku na za vyumba vya ndani. Hizo ndizo zitakazokuambia unahitaji taa ngapi, na kwa siku ngapi.

Siku ndizo zinazoamua. Tuseme taa unayoitamani inauzwa shilingi 600,000 na kuikodi ni 30,000 kwa siku. Kama filamu nzima ina siku nne za usiku, kodi. Kama unapiga pia harusi, semina na matangazo ya maduka, na taa itawaka mara mbili kwa wiki, itajilipa ndani ya wiki kumi. Nunua bila kusita. Lenzi za gharama, taa kubwa za kushindana na jua na jenereta isiyopiga kelele ni vya kukodi kwa mtu anayeanza, karibu kila mara.

Muda wako nao uupe bei. Kitu kinachokula wikendi tatu kukitengeneza, halafu kikahitaji kurekebishwa kila kinapofunguliwa, ni ghali hata kama vifaa vyake viliokotwa jalalani.

Hatua ya pili: nunua taa moja, iwe nzuri

Taa moja nzuri inafanya kazi kuliko tatu dhaifu. Tafuta taa ya LED ya chipu moja kubwa katikati, yenye nguvu ya wati 60 au zaidi, na mdomo wa kufungia vifaa wa aina ya Bowens. Mdomo huo umeenea sana, kwa hiyo sofboksi (kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga) au chungu (bakuli la kuelekeza mwanga) cha kampuni nyingi kitaingia. Godox SL60W ni mfano ambao wapiga picha wengi wameanza nao: wati 60, rangi ya mchana, mdomo wa Bowens. Kasoro yake ni feni inayosikika chumba kikiwa kimya, kwa hiyo iweke mbali na maiki.

Usinunue kwa kusoma boksi peke yake. Mwombe muuzaji aiwashe, kisha fanya majaribio matatu hapo hapo dukani.

La kwanza ni kupepesa. Weka simu yako kwenye mwendo wa polepole, fremu (yaani picha) 120 au 240 kwa sekunde, rekodi taa ikiwa kwenye nguvu kamili, kisha ikiwa imepunguzwa hadi robo. Ukiona mwanga unapanda na kushuka kama mawimbi, irudishe. Taa nyingi za bei rahisi hutulia zikiwa kwenye nguvu kamili na kuanza kupepesa zikipunguzwa, ndiyo maana jaribio la robo ni la lazima.

La pili ni rangi ya ngozi. Kipimo cha CRI kilichoandikwa kwenye boksi, kinachoonyesha taa inatoa rangi kwa uhalisi kiasi gani, kiwe 95 au zaidi, lakini usikiamini mpaka uone. Weka mkono wako chini ya taa pamoja na karatasi nyeupe, rekebisha rangi nyeupe ya kamera (white balance) kwa ile karatasi, halafu itazame ngozi. Ngozi ikionekana ya kijani au ya majivu wakati karatasi ni nyeupe safi, chipu ile haina wekundu wa kutosha, na hakuna programu ya kompyuta itakayourudisha vizuri.

La tatu ni masikio. Kaa umbali wa mita moja, iache taa iwake dakika tano, usikilize feni.

Kuhusu taa za kujitengenezea kwa chipu za LED za wati 100 zinazouzwa rejareja, shauri langu ni moja: ziache. Chipu hizo zinahitaji bamba kubwa la kupoza joto, feni na kifaa cha kubadili umeme wa ukutani. Ukiunganisha vibaya unacheza na volti 230. Ukiunganisha vizuri, bado utapata mwanga wenye rangi mbaya. Zile taa za halojeni za wati 500 za mafundi ujenzi nazo ziwe chaguo la mwisho. Sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto, wasanii hutokwa jasho, na kitambaa kikiwekwa karibu nazo huungua.

Hatua ya tatu: elewa ngozi inavyopokea mwanga

Hapa ningependa usome taratibu, maana hili ndilo linaloamua vitambaa vyako viwe na ukubwa gani.

Ngozi nyeusi hurudisha mwanga wa kawaida kidogo kuliko ngozi nyeupe, lakini mng'ao wa juu ya ngozi, ule unaokaa kwenye shavu, paji la uso na kingo za pua, unakaribia kulingana kwa watu wote. Kwa hiyo uso mweusi kwenye picha huchorwa zaidi na mng'ao. Na mng'ao ni sura ya chanzo cha mwanga inayojionyesha juu ya ngozi. Chanzo kikiwa kidogo, kama balbu tupu, uso utakuwa na madoa makali meupe na sehemu nyingine zitapotelea gizani. Kikiwa kikubwa, kama shuka lililotandazwa, mng'ao unaenea juu ya shavu zima na mifupa ya uso inaonekana kwa upole.

Wengi wakiona uso haujatoka huongeza nguvu ya taa. Ukuta wa nyuma ndio unaong'aa zaidi, na uso unabaki ulivyokuwa. Dawa ni kukuza chanzo na kukisogeza. Weka kitambaa kikubwa ubavuni mwa mhusika, kirudi nyuma kidogo kuelekea bega, mpaka uone mng'ao unatembea kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni. Mpake mafuta kidogo sana ya nazi au ya mgando kwenye mifupa ya mashavu. Poda yenye rangi hafifu kuliko ngozi ifungie kwenye begi, kwa sababu huuzima mng'ao na kuleta majivu. Kama wahusika ni wawili na mmoja ni mweupe kuliko mwenzake, yule mweusi zaidi ndiye akae karibu na mwanga.

Ukubwa unaozungumzwa hapa ni ukubwa machoni pa mhusika. Kitambaa cha mita 1.2 kikiwa mita moja kutoka usoni ni kikubwa. Kikiwa mita tano kinageuka kuwa kidogo. Umbali unakula pia nguvu: ukiisogeza taa kutoka mita moja hadi mbili, unabaki na robo ya mwanga. Ndiyo sababu taa ndogo ikiwa karibu huishinda taa kubwa iliyowekwa mbali, na ndiyo sababu wati 60 zinatosha sini nyingi za ndani.

Na usiiachie kamera iamue yenyewe. Nyuma ya mhusika kukiwa na ukuta uliopakwa chokaa, kamera itapunguza mwanga wa picha nzima na uso utazama. Gusa uso kwenye skrini, funga kipimo cha mwanga hapo, kisha uzuie mwanga usifike ukutani.

Hatua ya nne: tengeneza fremu ya kitambaa

Hiki ndicho kifaa cha kwanza cha kutengeneza. Nenda duka la vifaa vya mabomba ununue bomba moja la PVC la inchi robo tatu lenye urefu wa mita 6, na elbo nne. Likate vipande vitano vya mita 1.2. Vinne ni pande za fremu. Cha tano kibaki akiba, maana vipande hivi hupasuka vikikanyagwa. Kila upande utie gundi ya PVC kwenye elbo moja tu, na ncha ya pili iache bila gundi. Hivyo fremu itafunguka na kuingia kwenye begi refu, au kwenye buti ya bajaji.

Kitambaa ni bafta. Kitambaa cha marekani ni imara zaidi na bei yake nzuri, lakini ina umanjano wa pamba isiyosafishwa, na umanjano huo utahamia usoni. Huenda ukaupenda kwa sini za jioni. Kwa kazi ya kawaida chukua bafta nyeupe. Nunua ya kutosha fremu zote kutoka jora moja, kwa sababu majora mawili yanaweza kutofautiana rangi. Ifue kwanza kuondoa wanga wa kiwandani, na usiitie buluu. Kisha mpe fundi cherehani vipimo: mraba wa mita 1.2 baada ya upindo, na lastiki fupi zilizoshonwa kwenye kila pembe na katikati ya kila upande. Lastiki hizo huzunguka bomba na kushika. Mwambie ashone mara mbili, pembe zipigwe viraka.

Mwambie pia akushonee kitambaa cha pili cha ukubwa ule ule, cheusi. Tutakifikia.

Ijaribu fremu kwa kupiga karatasi nyeupe chini ya taa tupu, halafu chini ya taa iliyopita kwenye bafta, bila kubadili mipangilio ya kamera. Utaona mambo mawili: rangi imebadilika kiasi gani, na mwanga umepungua kiasi gani. Andika matokeo kwa kalamu ya wino mzito kwenye bomba lenyewe.

Wakati wa kazi, taa isiibane bafta. Irudishe nyuma mpaka duara la mwanga lijaze kitambaa chote. Kama doa linang'aa katikati na kingo ni giza, chanzo chako bado ni kidogo na fremu haijakusaidia.

Je, sofboksi itengenezwe kwa maboksi ya katoni? Hapana, nunua. Pete ya chuma ya kuifunga kwenye mdomo wa taa ni ngumu kuigiza, na katoni karibu na taa yenye joto haifai.

Hatua ya tano: rudisha mwanga juu ya kitambaa

Njia hii ina historia ambayo kila anayefanya kazi kwa mfuko mdogo anastahili kuijua. Mwaka 1956 mwongozaji Satyajit Ray alitoa filamu ya Aparajito huko India. Nyumba ya mji wa Benares inayoonekana ndani yake, yenye ua wa wazi katikati, ilijengwa studio Calcutta. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alitakiwa kuleta mwanga wa anga unaoshuka uani, mwanga usio na vivuli vikali. Akatandaza kitambaa cheupe juu ya ua wote na kuzielekeza taa juu yake kutoka chini, mwanga ukarudi umelainika. Baadaye njia hiyo ikawa ya kawaida duniani kote. Ilianzia kwenye kitambaa.

Nawe fanya hivyo. Katika chumba chenye dari nyeupe, elekeza taa darini, karibu na pembe ya chumba upande wa dirisha, na chumba kizima kitapata mwanga wa mchana wa mawingu. Dari ikiwa ya mbao au bati tupu, bana shuka jeupe. Ukitaka uzuri zaidi, rudisha mwanga kwenye ubao mweupe kwanza, halafu uupitishe kwenye fremu ya bafta. Utapoteza nguvu nyingi, na utapata mwanga ambao watu hulipia fedha nyingi kuukodi.

Ubao mweupe wenyewe ni maboya, yaani mapande mepesi ya povu gumu, yanayokuja ndani ya maboksi ya friji na televisheni. Waulize wauza vifaa vya umeme, wengi huyatupa. Bandika karatasi nyeusi upande wa nyuma, na ubao mmoja unakuwa na kazi mbili.

Kioo cha kabati nacho ni taa ya bure. Kiweke nje juani, rusha jua lipite dirishani hadi kwenye bafta iliyo ndani. Mwanga huo una nguvu ambayo hakuna taa ya bei nafuu itaifikia. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mtu mmoja awe na kazi hiyo tu, kukisogeza kila baada ya dakika chache. Bandika plaiwudi nyuma ya kioo na utepe kwenye kingo zake, na kisielekezwe barabarani hata sekunde moja.

Hatua ya sita: jua la saa sita

Pwani yetu iko karibu na ikweta. Dar es Salaam, mapema Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hukaa karibu kabisa na utosi. Macho ya mhusika hugeuka mashimo meusi. Machweo nayo hayasubiri: jua likishazama, una dakika kama ishirini za mwanga wa kutumika. Sini ndefu ya magharibi ipangwe kwa siku mbili au tatu, au ifupishwe.

Kwa adhuhuri, njia rahisi kuliko zote ni kuhamia barazani na kumgeuza mhusika atazame nje. Ardhi yenye jua mbele yake itamwangaza kutoka chini. Kama lazima awe mahali pa wazi, tengeneza fremu kubwa ya mita 2.4, mara hii kwa bomba za chuma au mianzi mikavu, na itandazwe juu yake. Hapo heshimu upepo. Fremu hiyo ni tanga. Upepo wa kusi ukiipata ufukweni, huinua mtu mzima. Kila pembe iwe na kamba iliyofungwa kwenye kigingi au iliyoshikwa na mtu, na upepo ukianza kupuliza kwa vipindi, ishusheni. Hakuna picha inayostahili jicho la msanii.

Hatua ya saba: kaniki, kwa ajili ya giza

Nyumba zetu nyingi zina kuta nyeupe au za krimu, na vyumba ni vidogo. Mwanga ukiingia unaruka kila mahali, uso unakuwa bapa. Anayeanza huongeza taa ya pili kujaribu kurudisha umbo. Anachohitaji ni kitambaa cheusi, kama kile cha pili tulichomwagiza fundi. Kaniki inafanya kazi hii vizuri ikikunjwa mara mbili. Itundike upande wa uso ulio mbali na taa, nje kidogo ya picha, na utaona shavu lile linapata kivuli na sura inapata kina. Tundika nyingine mbele ya ukuta unaong'aa. Kata ukanda mwingine uuning'inize kutoka kwenye fremu ili mwanga usimwagike darini.

Kwa gharama, hakuna kifaa katika mwongozo huu kinachobadilisha picha kuliko hiki.

Hatua ya nane: stendi na uzito

Stendi nunua. Angalia kichwa chake kiwe na pini ya milimita 16, ambayo ndiyo taa nyingi hufungwa nayo, na miguu iwe ya chuma au alumini nene. Zile nyembamba zinazouzwa pamoja na taa za duara hubeba simu. Taa ya wati 60 yenye sofboksi itazipindua. Stendi ya kitambaa, ambayo haiko juu ya mtu, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea: rimu kuukuu ya gari chini, bomba la chuma limesimamishwa katikati. Ni nzito kubeba, lakini haianguki.

Chochote kinachopita juu ya kichwa kifungwe mara mbili: skrubu yake, na kamba ya chuma au mnyororo mwembamba.

Mifuko ya uzito usinunue. Chukua suruali za jinzi za mitumba, kata miguu, jaza mchanga kwenye mifuko ya plastiki minene, ufunge, ingiza ndani ya jinzi na ushone ncha zote. Kilo saba hadi kumi kila mmoja. Mchanga uwe wa mtoni na mkavu. Wa baharini una chumvi, hunyonya unyevu na kuzitia kutu stendi ulizozinunua kwa shida.

Hatua ya tisa: umeme

Tanzania tunatumia volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Jambo hilo linaigusa kamera moja kwa moja. Balbu nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde zikiwa na shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) isiyolingana na umeme wetu. Ndipo mistari inapopita kwenye picha. Tumia programu inayokuruhusu kuchagua mwenyewe: fremu 25, shata 1/50. Tatizo kubwa la kupepesa litaisha bila kununua kitu.

Balbu zote zitakazoonekana kwenye picha zibadilishe ziwe za namna moja. Nyumbani utakuta moja ya kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: kubwa ni buluu, ndogo ni manjano) sebuleni na ya kelvini 2700 ukumbini, na kamera haiwezi kuzipatanisha. Kwa sini za usiku ningechagua 2700 hadi 3000 kila mahali.

Waya wa kuongezea umeme nunua wenye nyaya tatu za milimita za mraba 1.5, pamoja na ya ardhini. Plagi ya pini tatu za mstatili huwa na fyuzi ya ampea 13, yaani karibu wati 3,000 kwa jumla. Taa zako za LED hazitafika huko, lakini pasi ya mavazi na birika la chai la wapishi vitafika, kwa hiyo usivichanganye. Waya ulioviringishwa kwenye gurudumu uvute wote hadi mwisho kabla ya kuwasha, maana ukibaki umejiviringisha hupata joto.

Kuna taa moja ninayokubali uitengeneze: ukanda wa LED wa volti 12, wenye CRI zaidi ya 90, uliobandikwa kwenye mfereji wa alumini na kulishwa na betri ya sola. Betri hutoa umeme usio na mizunguko, kwa hiyo mwanga haupepesi, na umeme ukikatika mnaendelea. Ukanda unaokula wati 36 huvuta ampea 3. Betri ya ampea-saa 18, ukiitumia nusu yake ili idumu, itakupa karibu saa tatu. Weka fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri. Usiuunganishe na kipunguza mwanga cha bei rahisi, kwa sababu hicho hupunguza kwa kuzima na kuwasha haraka, na kupepesa kutarudi. Kupunguza, ongeza kitambaa.

Ukanda huo unafaa ndani ya gari, nyuma ya kabati, au kama mwanga mdogo wa kutenga nywele na ukuta. Usiufanye taa kuu.

Sauti na mwendo, kwa ufupi

Maiki nunua, hata kama ni ile ndogo ya waya ya kubana kwenye kola. Vinavyoizunguka tengeneza: fito ya kupakia rangi inayorefuka inafaa kuibebea maiki juu ya waigizaji, ikiwa na sponji mahali pa kushikia. Chumba chenye mwangwi kitundikie mablanketi mazito na maduveti ya mitumba nje ya picha. Zima pangaboi na friji. Funguo za gari ziweke ndani ya friji, ili asiwepo wa kuondoka bila kuwasha friji tena. Nyumba ya bati wakati wa masika ipangiwe sini zisizo na maneno.

Kigari cha kamera cha kujitengenezea kwa bomba na magurudumu kinavutia, lakini kinatetemeka kwenye sakafu zetu, na simu za sasa zina utulivu wake ndani. Kiti cha magurudumu cha kuazima kinatosha ndani ya nyumba. Mwongozaji Robert Rodriguez alitumia kiti cha namna hiyo kupiga filamu ya El Mariachi, iliyotoka mwaka 1992. Barabarani tumia guta, ukipunguza upepo kwenye matairi na kumkalisha mpiga picha kwenye godoro. Tripodi nunua, yenye kichwa kinachogeuka bila kukwama.

Siku moja kabla

Funga kila kitu nyumbani kama utakavyokifunga kwenye sini ngumu kuliko zote. Mweke mtu mwenye ngozi inayokaribiana na ya msanii wako, rekodi dakika mbili, itazame kwenye televisheni na siyo kwenye simu. Piga picha ya mpangilio wenyewe kutoka mlangoni: taa ilipo, fremu ilipo, kaniki ilipo, na hatua ngapi kati yake. Kesho yake msaidizi wako ataifuata bila kukuuliza.

Halafu fungua vyote na upakie mwenyewe. Kila bomba na elbo yake vipewe herufi moja. Kwenye mfuko mdogo wa pembeni weka vibanio vya nguo vya mbao, utepe wa kitambaa, kamba, kisu, fyuzi za ampea 13 na za ampea 5, na lile bomba la tano. Taa iache ipoe dakika kumi kabla ya kuirudisha begini.